Nyuma ya Koyote

Kijito cha Mierebi, Wyoming
11 Machi 1979

Kwako Mjomba Arnaud,

Shikamoo. Hujambo huko Boise? Mgongo umekuachia japo kidogo, au bado umeinama juu ya meza yako ya kazi kama ndoano? Na mkazamjomba Odile, kifua chake kinaendeleaje? Sisi huku wazima, ila usingizi hatuujui. Theluji haijaisha na kondoo wameshaanza kuzaa.

Nakuandikia kwa shida, na najua utasema Graciana hamkumbuki mjomba mpaka achomwe na mwiba. Koyote, hao mbwa-mwitu wadogo wa nyikani, wanatumaliza. Tangu ile sumu ya kuwaulia ipigwe marufuku wameongezeka kama nzige, na haya imewatoka kabisa. Jana mmoja kamchukua mwana-kondoo ambaye mama yake alikuwa bado anamlamba, mchana kweupe, mimi nimesimama na ndoo mkononi. Nikakimbilia bunduki ya marehemu Baba, ile ya kupigia karibu, nikafyatua. Koyote akageuka akanitazama kama mtu aliyesikia hodi kwenye nyumba ya jirani. Akaenda zake na kitoweo chake.

Nataka bunduki ya kufika mbali. Jirani yangu Thurlow Madsen anasema nichukue ya risasi za .22-250. Muuza duka mjini kaniambia .223 "inamtosha mwanamke". Nilitoka bila kuaga. Eusebio Huaranca, yule Mperu anayemchungia Madsen kondoo, yeye anasema nisipoteze pesa, nipige kelele tu, sauti yangu inatosha kuua. Huyo namruhusu kunicheka. Akimaliza kazi zake huja kunisaidia kuvuta wana-kondoo waliokwama wakati wa kuzaliwa, na hajawahi kuomba zaidi ya kahawa.

Wewe ndiye fundi bunduki. Niambie, risasi ya saizi gani?

Mpwa wako,
Graciana


Boise, Idaho
18 Machi 1979

Mpwa wangu mkaidi,

Marahaba, marahaba. Mgongo uko palepale, kifua cha Odile kiko palepale, na sote tunakushukuru kwa kutukumbuka baada ya mwiba.

Sasa kaa chini, umeniuliza swali ambalo nimelingoja miaka. .223 ni ndogo, haina teke, risasi zake rahisi. Koyote wa karibu ataanguka bila kujua kilichompata. Lakini upepo wenu wa Wyoming utaichezea kama unyoya. Madsen naye hajakosea sana: .22-250 inakwenda kasi ajabu, imenyooka, na risasi yake nyepesi hupasukia ndani ya mnyama, mara nyingi haitoki upande wa pili. Ila inakula mtutu upesi, na mimi sipendi bunduki inayokula mtutu wake.

Kwako nasema .243. Risasi nzito, upepo haiujali, na mwezi wa kumi utapigia kulungu. Ninayo moja hapa, nimeitengeneza mwenyewe, kitako cha mti wa jozi, sijapata mtu wa kustahili kuishika. Ni yako. Nimeitia na maboksi ya risasi, zile nzito. Kwa kuwa sheria inataka bunduki ipitie kwa mwenye leseni, nitaituma kwa yule muuza duka uliyemtoka bila kuaga. Itabidi umwamkie.

Ibane begani, vuta pumzi, itoe nusu, kisha bonyeza polepole.

Mjomba wako,
Arnaud


Kijito cha Mierebi
9 Aprili 1979

Mjomba mpenzi,

Shikamoo wewe na mkazamjomba. Sisi tu wazima, ila bega langu limekuwa na rangi ya zambarau. Ulisahau kuniambia kwamba hiyo nayo ina teke.

Nilimwamkia muuza duka. Aliifungua bunduki, akaipapasa kitako, akasema, "Huyu mjomba wako anauza?" Nikamwambia hauzi.

Mjomba, nimewapiga wawili! Wa kwanza alikuwa ng'ambo ya bonde, upepo unavuma mpaka machozi yananitoka, na alilala palepale. Eusebio alikuja akamgeuza kwa ncha ya kiatu. Tundu la kutokea lilikuwa kubwa kama ngumi. Akapiga mluzi. "Bibi," akasema, "koyote umemuua mara mbili." Tukacheka. Tangu hapo sijapoteza mwana-kondoo hata mmoja. Naamka asubuhi najiona mtu.

Ahsante, Mjomba.

Mpwa wako,
Graciana


Boise
20 Mei 1979

Graciana,

Hujambo, mwanangu? Mbona kimya? Sisi wazima. Odile anauliza kama koyote wamekula na posta yenu. Simu hupokei. Nimempigia muuza duka, kajikohoza, akasema nikuulize mwenyewe.

Basi nakuuliza mwenyewe.

Mjomba wako


Kijito cha Mierebi
27 Mei 1979

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mu wazima. Mimi mwili mzima.

Ilikuwa tarehe ishirini na nane Aprili, asubuhi. Koyote alisimama juu kabisa ya ukingo wa kilima, ule mpaka wangu na wa Madsen. Alikuwa amenigeuzia ubavu, nyuma yake mbingu tupu. Baba alinifundisha kabla sijafika kimo cha farasi: mnyama aliyesimama mbinguni hapigwi, kwa sababu hujui risasi inashukia wapi. Nilijua, Mjomba. Nilijua nikiwa nimeshafumba jicho moja. Nikasema moyoni, siwezi kumkosa huyu. Sikumkosa.

Alipoanguka nikasikia farasi analia, kisha mtu.

Eusebio alikuwa anapanda upande wa pili. Risasi ilimpitia koyote ikamvunja mkono wa kulia. Nilimfunga kwa mkanda wangu, nikamlaza garini. Njiani hakusema neno ila kuwaita watakatifu wake. Hospitali waliukata juu ya kiwiko.

Sherifu aliniuliza, "Koyote alikuwa wapi?" Nikasema chini ya ukingo, kwenye mawe, risasi imegonga jiwe ikaruka. Ulimi ulisema kabla yangu. Alitikisa kichwa akasema pole, mambo hayo hutokea. Watu wameniletea maandazi na supu, Mjomba. Mimi ndiye niliyeletewa supu.

Ikiwa ni jiwe, basi ni bahati mbaya na hakuna wa kulaumiwa. Ikiwa ni mimi, shamba la Baba ndilo litakalobeba deni. Mkataba wa Eusebio umevunjwa, maana mchunga kondoo wa mkono mmoja Madsen hamtaki. Atarudishwa kwao mikono mitupu. Nimeandika mikono. Unaona nilivyo.

Mtu wa bima ya shamba anataka maneno ya fundi kwamba .243 inaweza kugonga jiwe na kugeuka. Wewe una leseni na jina. Niandikie, tafadhali. Mistari michache tu.

Graciana


Kijito cha Mierebi
12 Juni 1979

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mtu wa bima amekuja tena. Kama umekasirika, nitukane, lakini usininyamazie.

Mpwa wako


Boise
16 Juni 1979

Mwanangu Graciana,

Marahaba. Sijakasirika. Ningekuwa na haki ya kukasirika ningeandika mapema.

Barua uliyoitaka niliiandika. Ilikuwa nzuri pia, maana risasi kweli huweza kugonga jiwe ikageuka. Kila fundi anajua, na hakuna ambaye angenibishia. Niliiweka mezani nikaenda kutafuta stempu. Niliporudi nikamkuta Odile ameisoma.

"Arnaud," akaniuliza, "huyu bwana amebakiwa na mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na anaandikia upi?"

Nikaichukua barua mezani. Tangu siku hiyo ananiandalia chakula, ananipa dawa ya mgongo, lakini maneno hanipi. Barua nimeichoma jikoni.

Sasa sikia langu. Uliniuliza saizi gani inakufaa. Mtu mwenye akili angekuuliza kwanza unapiga wapi, nyuma ya vilima vyako kuna nani, nani anapita na saa ngapi. Angekwambia uchukue ile nyepesi inayopasukia ndani ya mnyama. Mimi nilijua hivyo, tena niliandika hivyo kwa mkono wangu, halafu nikaliruka hilo. Kwa nini? Kwa sababu ile .243 niliitengeneza mwenyewe na nilitaka mtu aisifu. Nikakutilia na risasi za kulungu, kwa sababu ndizo zilizokuwa kabatini. Nilikuchagulia bunduki niliyoipenda mimi. Barua yako ya Aprili, ile ya tundu kama ngumi, niliwasomea wateja dukani. Mtu mwingine angeandika siku ileile: badilisha risasi hizo. Mimi nilicheka.

Hilo ni langu, nalibeba. Lakini usijifiche nyuma yangu, mwanangu. Ungemkosa yule koyote, hata .223 ingevuka ukingo na kumfikia mtu. Aliyefumba jicho na kubonyeza ni wewe, na aliyemwambia sherifu habari za jiwe ni wewe. Hilo siwezi kukubebea, na ningeweza nisingekubali.

Nenda kwa sherifu. Ukimaliza, nenda kwa Eusebio. Nikihitajika, nitakuja kusema niliyokwambia wewe mbele ya yeyote.

Mjomba wako,
Arnaud


Kijito cha Mierebi
8 Julai 1979

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkazamjomba akusamehe, akupe maneno yako. Mimi mzima.

Nilikwenda. Sherifu alisikiliza huku akichezea kalamu, akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu yeye amekwisha kufunga jambo. Nikasema nina hakika. Akasema, "Ungeliacha tu, Graciana." Hakunipa mkono nilipoondoka. Bima wamesema mtu aliyewadanganya hawamlipii, kwa hiyo anayemlipa Eusebio ni mimi. Malisho ya juu yanauzwa, na nusu ya kundi. Madsen hanisalimii tena. Anasema nimewafanya majirani wote waonekane waongo.

Kisha nikaenda kwa Eusebio. Anakaa chumba nyuma ya kanisa, padri kampa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa Kihispania changu kibovu cha kujifunza mazizini. Nilipofika kwenye mbingu tupu akanikatiza.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa karibu kufika juu, kichwa kimetokeza. Nilikuona umepiga goti na bunduki yako. Nikanyanyua mkono nikusalimu."

Mjomba, nilikaa sakafuni. Mimi nilikuwa ndani ya darubini ya bunduki, namwona koyote mmoja tu duniani, na mtu ananipungia.

Nikamuuliza mbona hakumwambia sherifu. "Kesho yake sherifu alikuja hospitali pamoja na wewe," akasema. "Mlishuka gari moja, niliwaona dirishani. Ningesema, nani angenisikiliza?"

Sikumwomba msamaha mara ya pili, nilimwomba mara moja tu, na yeye hakusema amenisamehe. Alisema anasafiri wiki ijayo, na kwamba mkewe huko Peru, Fortunata, bado hajui. Mkono wa kushoto haujajifunza kuandika. Padri alijitolea kumwandikia, akakataa. Akasukuma karatasi kwangu.

"Andika wewe."

Nikaandika alivyonitajia. Kwamba yu hai. Kwamba hali yake ni nzuri, anakula. Kwamba mkono wa kulia umekatwa, asishtuke atakapomwona akishuka basi. Kwamba jirani alimpiga koyote bila kutazama nyuma yake.

Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Nilipofika kwenye jirani, akainua kidole.

"Futa," akasema. "Hapo weka jina."

Nikafuta, nikaandika jina langu, la kwangu na la Baba. Akalitazama mpaka wino ukakauka, kisha akaniambia niendelee, kwa sababu alikuwa bado hajawasalimu watoto.

Mpwa wako,
Graciana Urruty