Mifuko ya Mchanga Kitini

Lowri mwanangu,

Supu ya kondoo iko jikoni, ipashe moto polepole. Mbwa amekwisha kula, asikudanganye. Gari la mashindano usiliguse. Nimelegeza springi zote nne, na magurudumu bado hayajanyooshwa.

Sababu ni hii. Asubuhi nilipiga magoti karakanani nisali, na mbele yangu ipo mifuko ile ya mchanga niliyoipakia kwenye kiti cha dereva siku nilipopima uzito unaobebwa na kila gurudumu ili nirekebishe springi. Nikaijumlisha. Kilo tisini! Huo ni uzito wangu. Wewe una hamsini na nane. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ya ufundi wa magari alisema mara tatu, "Wekeni uzito wa dereva," nami nikaandika daftarini, kisha nikaweka wangu, kana kwamba bado naendesha mimi.

Ndiyo maana Jumamosi gari lilikuzungusha kila kona ya kushoto. Ukaniambia, "Baba, gari ndilo linavuta, si mimi." Nikakujibu mbele ya watu, "Mchagua jembe si mkulima!" Ukavua helmeti, ukaenda zako. Tangu siku ile hujaingia karakana.

Sala sikuimaliza. Niliinuka nikachukua spana.

~~Nitakuomba radhi jioni tukiwa wawili.~~ Hapana. Nitakuomba radhi Jumamosi, mbele ya wale wale walionisikia, ukikubali kuja.

Nimekwenda kwa Gethin kuazima mizani yake ya magurudumu tena. Nikirudi, vaa helmeti na viatu vyako, ukae kitini wewe mwenyewe. Mchanga nimekwisha kuumwaga bustanini.

Baba