Meno ya Muda ya Mzee Nashoni

Kazini kwa Bwana Abdallah, Fundi Meno,
Nyuma ya stendi,
Tarime.

Jumanne, 13 Agosti 1996

Mpendwa rafiki yangu Boke,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na kile kifua cha mumeo kimeacha kumsumbua? Sisi huku tunaendelea. Mvua imegoma, vumbi la malori limeingia mpaka kwenye sufuria, na nusu ya vijana wa mjini wamehamia Nyangoto kuchimba. Wanaobahatika wanarudi hapa kwetu kudai meno ya dhahabu, hata wenye meno mazima kama ya ndama. Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti tangu wiki iliyopita, na sababu yake utaisoma humu.

Barua yako niliipata jana. Umenishukuru mara tatu kwa kumtengenezea baba meno. Halafu umeandika kwamba umesikia alisahau mipaka ya shamba lake mwenyewe mbele ya wazee, kwamba unaona akili zake zimechoka, na kwamba mwisho wa mwezi utakuja kumchukua akaishi nawe Mugumu. Boke, nakuomba usimchukue. Tafuta mahali pa kukaa, usome yote haya mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Nianzie palipoanzia. Jumapili ya tarehe nne baba yako, Tata Nashoni, alikuwa akikagua ile sehemu ya juu ya shamba, ile ambayo baba mkwe wangu, Mzee Heche, anasema ni yake. Wachimbaji walikuwa wamechimba shimo pale bila kumwomba mtu, wakalifunika kwa matawi. Alitumbukia mguu mmoja, akaangukia uso kwenye gogo. Meno mawili ya mbele ya juu yalivunjikia kwenye fizi. Jumatatu asubuhi alifika kwetu na mdomo umevimba, na jambo la kwanza aliloliuliza halikuwa maumivu. Aliuliza kama ataweza kusema kikaoni Alhamisi.

Wewe umeondoka nyumbani siku nyingi, kwa hiyo nikukumbushe namna wazee wa kule wanavyoendesha kikao cha shamba. Mwenye shamba anasimama peke yake, anataja mipaka kwa kinywa chake, mmoja baada ya mwingine, na jina la aliyepanda kila mkonge wa mpakani. Hasaidiwi na mwanawe, hasomi karatasi. Akikwama, amekwama. Na safari hii haikuwa ugomvi wa kulishia ng'ombe, maana watu wa kampuni ya dhahabu wanakuja kupima, na jina watakaloletewa na wazee ndilo litakaloandikwa. Tata alijaribu kusema mbele yetu na lile pengo, upepo mtupu ukatoka. Akatazama chini. Unamjua baba yako, mtu anayenyoosha kola hata anapokwenda kukamua. Aliapa kwamba hatasimama mbele ya Heche akachekwa.

Bwana Abdallah akamwambia kwamba meno ya kudumu yatatengenezwa Mwanza fizi ikishapona, baada ya wiki sita hivi, lakini ya muda anaweza kuyapata Jumatano. Akang'oa vile vipande, akapunguza kwa mashine jino moja la kila upande ili yabebe daraja. Daraja kwa lugha yetu ya kazini ni meno yaliyoshikana: ya pembeni ni kofia zinazovaliwa juu ya meno yaliyopunguzwa, ya katikati yanaziba pengo. Akachukua umbo la kinywa, akamfunika yale meno yaliyopunguzwa yasimchome, kisha akanivuta pembeni. Alijua mimi ni mkwe wa nani. Aliniuliza kama nitaweza, kwa sababu yeye alikuwa na safari ya Mwanza kuleta vifaa. Nilimjibu kwamba kazi ni kazi. Nililisema nikilimaanisha, naomba uliamini hilo.

Jumanne nzima nilikuwa na ile sanamu ya plasta ya kinywa chake, nachonga meno ya nta kwenye pengo. Niliyapinda kidogo moja juu ya lingine, kama yalivyokuwa yake, maana mzee wa miaka sabini mwenye meno yaliyonyooka kama ya msichana watu wangemcheka vilevile. Kisha nikachukua umbo la kazi hiyo nzima. Jumatano Tata alipokaa kitini nikachanganya unga wa plastiki wa meno na maji yake, nikaumimina kwenye lile umbo, nikalikandamiza kinywani mwake. Hapo ndipo pa kutokwa jasho. Unga ule ukianza kuganda unachemka wenyewe. Ukiutoa mapema unavutika kama ubani, ukichelewa unauchoma moyo wa jino, tena unang'ang'ania kwenye kona za meno usitoke kabisa. Nilikuwa na kipande kingine mkononi, nakibinya, nahesabu kwa mdomo. Kilipoanza kuwa kama mpira nikalitoa daraja, nikalirudisha, nikalitoa tena, nikaliachia likamalizie kuganda kwenye maji ya vuguvugu. Nikalikata kingo, nikamng'atisha karatasi ya bluu kuona linapogusa, nikalipunguza, nikaling'arisha. Boke, tangu nianze kazi hii sijatengeneza kitu kizuri kama kile. Nilimpa kioo, akataja majina ya babu zake wote mpaka wateja waliokuwa nje wakacheka kwa furaha. Nikachanganya gundi, nikalibandika, nikamwonya asitafune kitu kigumu.

Ya Alhamisi nilisimuliwa na mume wangu Tomaso, aliyerudi jioni ananuka bia na furaha. Alisema mzee alianza vizuri sana. Alitaja mpaka wa mtoni, akataja wa mawe meupe, watu wakaitikia kwa vichwa. Alipofika wa tatu, ule wa mkonge, akasita. Akaweka kiganja mdomoni. Mwenyekiti akamwambia ashushe mkono, kwa sababu mtu anayetaja mpaka huku ameziba mdomo anaonekana anaficha uongo. Hakushusha. Alisimama hivyohivyo mbele ya kijiji kizima, macho yamemtoka, kisha akageuka akaondoka. Wazee wakasema amesahau, wengine wakasema ameogopa kuapia cha mtu. Sehemu yote ya juu wakampa Mzee Heche. Tomaso alicheka sana alipofika hapo. Mimi nilisema naumwa kichwa.

Jumamosi Tata alikuja mwenyewe, kwa miguu kutoka njia panda, na lile daraja amelifunga kwenye leso. Nilidhani amekuja kunivunja uso. Alikuja kuniomba radhi. Aliniambia amenikosea: kwamba Alhamisi asubuhi njaa ilimbana, akala hindi la kuchoma licha ya onyo langu, na kwa tamaa ya hindi moja amepoteza shamba la baba zake. Kwamba kazi yangu ilikuwa nzuri na yeye ndiye aliyeiharibu. Kwamba heri watu wamwone amesahau kuliko wamwone meno yakimdondoka kifuani. Na kwamba tafadhali nisikuambie wewe, kwa sababu utamgombeza.

Na mimi unajua nilifanya nini? Nilimgombeza. Nilimwambia wazee hamsikii, tunawaambia mnafanya mtakavyo. Aliinamisha kichwa akasema kweli, binti yangu.

Hindi halikufanya chochote, Boke. Ni mimi.

Gundi yetu ya muda ni unga mweupe na mafuta ya karafuu. Ikichanganywa sawasawa inashika wiki hizo sita, hindi la kuchoma lisingeitikisa. Mgonjwa akiwa anarudi kesho yake, Bwana Abdallah huongeza mafuta ya mgando kidogo sana, kama punje ya ulezi, ili meno yatoke bila kugongwa. Jumatano ile asubuhi Tomaso alikuwa ameniambia kwamba baba yake akishinda, atatukatia kiwanja tujenge. Miaka minne naishi nyumba moja na mama mkwe, nyuma ya pazia, kila nikigeuka kitandani anakohoa. Hakuna aliyenituma. Tomaso hakuniomba, Mzee Heche hajui mpaka leo gundi ni kitu gani. Kopo la mafuta lilikuwa mezani. Nilichota kwa ncha ya kisu, nikatazama, nikachota tena, na tena, mpaka karibu nusu kwa nusu. Tata alikuwa amekaa na pamba shavuni, mdomo wazi, ananitazama kama mtu anayengojea kulishwa. Nikabandika. Nilijua yatamvumilia usiku mmoja, na nilijua hayatamvumilia maneno mengi.

Sasa jambo ninalokuomba. Wazee wanapeleka majina Ijumaa hii. Barua hii nampa Samira, muuza vitenge anayekuja mnadani kwenu kesho. Ukiipata, panda gari uilete kwa katibu wa kikao kabla ya siku hiyo, aisome mbele ya watu wote. Ndiyo maana nimeandika kila kitu kwa wino, bila kuficha. Nitakuwepo kuthibitisha. Tomaso namwambia leo akitoka kazini, na Bwana Abdallah akirudi nitamwambia yeye pia, wanifanye watakavyo. Akili za Tata hazina kasoro. Jumamosi nilimbandika upya kwa gundi safi, na aliponiaga alitaja mipaka yote saba pale mlangoni, polepole, kujipima tu. Wamruhusu asimame tena.

Wasalimie watoto wote, na mama mkwe wako. Sikuombi unijibu wala uniite rafiki. Nakuomba tu umsomee Tata barua hii wewe mwenyewe kabla ya kikao, mimi nisiwepo. Nikimwambia uso kwa uso atanisamehe kabla sijamaliza, nami sitaki kusamehewa na mtu ambaye bado hana shamba lake.

Ni mimi niliyefanya hayo,

Modesta Thadeo wa Kisaka,
mke wa Tomaso Heche.