Mgonjwa Wangu Yuko Mwanza

Jumapili, 1 Juni 2025
Upepo tu. Vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Mwaka wa pili huu Kiomboi, na bado nikiamka nasikiliza kama Jenifa ananigongea ukuta twende saluni. Hakuna Jenifa. Hakuna saluni. Kuna baba mkwe, anataka kugeuzwa.
Nisilalamike. Kiharusi hakikumwomba ruhusa. Zefania ndiye mwanawe wa kiume pekee, tukafunga mizigo tukaja — halafu mwenyewe akapata kazi Itigi! Anarudi mwisho wa mwezi. Nimebaki mimi.
Nimetuma salamu kwenye grupu letu la watatu, mimi, Jenifa na Faith. Tiki za bluu. Kimya. Wamenichoka?

Jumanne, 3 Juni
Nimemsuka mtoto wa jirani, bure, vidole vipate kazi. Mama yake akauliza nilijifunzia wapi. Kirumba, Mwanza, nikamwambia. Faith anaosha, Jenifa anasuka, mimi naseti. Nikaanza kumsimulia Faith anavyocheka mpaka wateja wanasahau walichofuata. Nikalia. Mbele ya mgeni! Alidhani nimefiwa.

Alhamisi, 5 Juni
Jenifa kapokea simu hatimaye.
Faith anaumwa. Tangu Aprili. Kansa ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Hospitali wamemrudisha nyumbani.
Tangu Aprili!
Kwa nini hamkuniambia? Anasema Faith mwenyewe alikataza — Dama ana mgonjwa wake huko, msimtie wazimu, hawezi kuja. Nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nani kawaambia siwezi? Nani?
Halafu nikaangalia kitanda cha mzee.

Ijumaa, 6 Juni
Zefania anasema nisubiri arudi mwisho wa mwezi, ndipo niende. Nikamwambia Faith hana mwisho wa mwezi. Akasema nimwombe dada yake.
Wifi Asnath anakaa hapa hapa mjini. Kanisikiliza vizuri tu. Kauliza: huyo Faith ni ndugu yako? Hapana. Mtu wa kwenu? Hapana. Ni nani sasa?
"Ni rafiki, wifi."
Akacheka kidogo — si kwa ubaya, kama mtu asiyeelewa. Mke wa watu haachi mkwe kitandani kwa ajili ya rafiki, ndivyo alivyosema.
Rafiki. Neno dogo namna hiyo! Mimba yangu ilipotoka ndugu walikuja, wakasema pole, wakaondoka. Aliyefua zile shuka ni nani?

Jumamosi, 7 Juni
Nimeongea na Faith. Sauti nyembamba, si yake. Anasema mji umepoa tangu niondoke. Nikamwambia nakuja. Usije, Dama, utanikuta nimeharibika. Nikamwambia wewe nimeshakuona na rola kichwani, mswaki mdomoni, unamkimbiza mwizi wa ndala. Akacheka! Kweli kabisa kacheka. Kikohozi kikamshika, Jenifa akachukua simu.
Nimeshindwa kula.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Nikimlisha mzee uji nikamweleza yote, nikidhani hanifuati. Tangu augue maneno yake ni machache, nusu Kinyiramba nusu pumzi. Akasukuma kijiko.
"Nenda."
Nani atakugeuza, baba?
Akavuta pumzi mpaka nikaogopa. "Asnath… nimemzaa mimi."
Nimempigia wifi, baba anakuita. Kaja amenuna, na mkeka wake wa kulalia. Sijali! Naondoka kesho.

Jumatatu, 9 Juni
Naandikia gotini, basi linarusha kalamu.
Asubuhi nilimwamkia mzee, shikamoo baba, akanishika kidole hakuachia haraka. Wifi hakutoka nje. Nikachukua gari la Misigiri, nikasimama barabara kuu kwenye baridi kusubiri mabasi ya Mwanza.
Basi linapunguza mwendo, simu ikaita. Jenifa.
"Dama, umefika wapi?"
Misigiri, basi hili hapa, napanda.
"Kaa kwanza chini."
Nyuma yake nikasikia watu. Watu wengi.
Nikakata.
Kondakta akauliza, dada unapanda au hupandi? Nikapanda. Simu nimeizima, iko chini kabisa kwenye begi. Tunateremka mlima Sekenke sasa. Jenifa hakusema kitu. Kusema nikae si kusema kitu.
Mama wa siti ya pembeni kaniuliza naenda Mwanza kwa nani.
Kumwona mgonjwa, nikamwambia.
Anaendeleaje?
Juzi tu kacheka.