Zamu Yetu Kwenye Mlango wa Bandari

Guyo, ndugu yangu,

Salaam aleikum. Najua ungecheka, mtoto wa kanisa kutoa salamu hivyo, lakini nilipofika kaburini kwako jana mdomo ulitoa hiyo tu. Naandika nimekaa Bulla Pesa, nje ya nyumba ya mama yako, ukuta una joto mgongoni. Huko mbali, upande wa Oldonyiro, jua limemwaga maji ya uongo chini na ngamia wanapita ndani yake bila miguu. Nimewatazama mpaka nikaanza kutafuta maboya.

Wacha nikupe habari. Tangu ugonjwa ukuchukue, tajiri mwenye boti amesema usukani wako sasa ni wangu. Ndiyo, mimi. Mtu aliyeacha shule darasa la saba na walimu wakamshukuru Mungu. Nimeona Zanzibar, nimeona Dar, nimekula kamba wakubwa kama mkono wa mtoto, na sasa naitwa kapteni. Kusema ukweli ile kofia yako ya unahodha inanikaa vizuri kuliko ilivyokukaa wewe. Wewe ulikuwa na kichwa kama sufuria ya harusi.

Lakini kofia ni nyepesi. Mlango wa bandari ndio mzito.

Unakumbuka mara yetu ya kwanza pale? Watu wa bara, wa ngamia na miraa, tunatapika kwa kupokezana. Nahodha wa wakati ule alitupigia kelele za maji kujaa na maji kupwa, sikushika hata moja. Wewe ukatazama meli za makontena zikiingia na kutoka, tagi, zile boti ndogo za kuvuta meli, zikikimbia kando yao kama mbwa wa malisho, ukasema polepole, "Hiki ni kisima tu."

Baba yako alikuwa aba herega, yule anayepanga mifugo ya nani inywe kwanza, kwa hivyo ukanieleza kwa lugha yake. Anayetoka apishwe. Mkubwa asisukumwe. Mawimbi ya mbali yanakuja kwa makundi kama ngamia wenye kiu, na nyuma ya kundi kubwa kuna utulivu kidogo. Hapo ndipo unaingia. Na usiingie maji yakiwa bado yanatoka kwa nguvu, kwa sababu yakikutana na yale mawimbi yanayoingia, yanasimama wima, yanapigana.

Safari yangu ya kwanza bila wewe niliwaahidi abiria chakula cha mchana mjini. Unanijua kwa ahadi. Tukafika nje, maji bado yanatoka, mdomo wote wa bandari una meno meupe. Jamaa mmoja wa Nairobi, tumbo mbele, akasema, "Kapteni, si tuingie? Tunangoja nini?"

Mkono ulitaka kuingia, Guyo. Ule mkono wa sifa. Nikatazama mahali ulipozoea kukaa. Kamba tu, imekunjwa.

"Tunangoja zamu, mzee. Kuna watu kisimani."

Akaona jua limenipiga. Nikageuza boti, nikapunguza tanga, tukaelea. Sijui nikwambieje. Mawimbi yalipita chini yetu bila haraka, nundu baada ya nundu, yamebeba mwanga, na kila moja lilitunyanyua taratibu kama linatuuliza sisi ni wa ukoo gani. Yule wa Nairobi akalala mdomo wazi. Kifuu cha nazi kilikuwa kikielea kwenda nje. Kikapunguza mwendo, kikasimama, halafu kikaanza kurudi mjini chenyewe: maji yamegeuka. Meli moja ikatoka, nikaipisha. Kundi kubwa likapita. Nikaingia nyuma yake, na njia ikawa laini kama maziwa. Nililia kidogo. Nilikuwa na miwani nyeusi, hakuna aliyejua.

Leo asubuhi mama yako amenipa chai ya maziwa ya ngamia akaniambia niache bahari. Hakuwa anaomba. Ameshanitafutia chumba hapa, niuze miraa kama baba yangu. Nikasema bahari haikukuua, ni ugonjwa. Akasema anajua, lakini bahari ilikukalisha mbali hadi ukaletwa nyumbani umekwisha.

Nikamsimulia ile siku yote, hata hofu. Alikoroga chai yake muda mrefu.

"Guyo alijua kungoja," akasema. "Wewe, na mdomo huo wote, ulingoja?"

"Nilingoja, mama."

"Basi nenda. Lakini uwe unarudi kunieleza. Yeye hakuwa ananieleza kitu."

Kwa hivyo kesho nashuka pwani. Nakuahidi, kila Idi nitakuwa hapa kwenye mkeka wa mama yako, nimweleze mawimbi moja moja, bila kuongeza chumvi. Sawa, nitaongeza kidogo. Wewe pumzika, ndugu yangu, Mungu akupe nafasi pana.

Nakatiza hapo, mama anaita tule. Ameita "Guyo," kwa kusahau.

Nimeitika.

Mwenda