Mashine Haitoi Radhi

Kwa kaka yangu Muntasir,

Assalaam alaykum. Hapa Mgogoni karafuu zimezaa sana, ila zangu zimeingia ukungu majamvini kwa kukosa wa kuzianua, maana mchana kutwa niko hospitali kwa Mama. Simu zangu hupokei, basi barua hii anakuletea Bi Ruweida huko Maskati.

Leo ni siku ya arubaini na moja tangu Mama apigwe na kiharusi. Daktari kasema ubongo umeharibika, hazinduki tena. Kinachompandisha kifua ni mashine. Shehe Hamdan tumemuuliza, akasema kuiondoa si kuua. Daktari anataka sisi watoto wa Mama wote wawili tukubali. Nawe ukatuma sauti kwenye kundi la ukoo, kila mtu akasikia: "Raniya anataka kumuua Mama."

Mimi, ninayemgeuza kila saa asichubuke mgongo!

Unataka tungoje mpaka uje umwombe radhi. Uliondoka umegombana naye, Muntasir, na miaka tisa yote hiyo Mama alikuwa na masikio. Kila Idi aliiweka simu mapajani, akatukataza tusiiguse.

Jana nilikuombea radhi mimi. Nilimshika mkono, nikamtajia jina lako mara tatu sikioni. Mkono haukunibana. Kifua kilipanda kikashuka, vilevile kama kabla sijasema.

Ukija, jibu utakalolipata ni hilo hilo. Mwache Mama aende.

Nduguyo,
Raniya