Maua Meupe ya Kando ya Barabara

Baba Tulia,

Usimpe ng'ombe ule mzigo wa majani ulioko mlangoni. Mkatie migomba. Ndizi zako zimo kwenye sufuria, nimezifunika.

Asubuhi nilikufokea mbele ya mdogo wako Abrahamu kwa sababu juu ya majani niliona yale maua meupe kama tarumbeta, yaliyomuua ndama wa Mwanabibi juzi. Ng'ombe wetu ndiye ada ya Tulia. Nikayatupa chooni. Wewe ukasema tu, "Hayo sikumletea ng'ombe," ukaondoka bila chai.

Nilikuwa naosha vikombe ndipo nikaelewa. Miaka yote hii hujawahi kuniletea ua, na siku uliyoleta, umeleta sumu. ~~Abrahamu bado anacheka.~~ Abrahamu nimemwambia anyamaze.

Nimekwenda na Mwanabibi barabara ya Ikuti kuyang'oa na mizizi yake, kabla wakata majani wengine hawajayachanganya na malisho. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kisha chukua jembe ~~ukipenda~~ uje. Glavu za mtumba nimekuachia wewe, mimi nimejifunga mifuko ya nailoni.

Mama Tulia