Mstari wa Kwanza Kwenye Nyasi za Brekke

Bi Arlene, hii ndiyo rasimu yangu ya kwanza tangu uniachie ukatibu. Naomba uikague. Kabla hujasoma, nakiri jambo ambalo sijamwambia hata mama: namjua aliyekata mstari wa kwanza. Kikaoni nilinyamaza. Ulisema katibu anaandika, haongei, nami hata bila kuambiwa nisingethubutu.

CHAMA CHA WAKULIMA WA NORDBY, DAKOTA KASKAZINI
Kikao cha dharura, Jumanne, 6 Agosti 2019, chumba cha chini cha kanisa

Waliohudhuria: Bw. Duane Fossum (Mwenyekiti), Bw. Kermit Haugen, Bw. Orville Stenerson, wajumbe wengine wanne, na Kaia Tollefson (Katibu)
Mwalikwa: Bi Marlys Brekke
Hakuhudhuria: Bw. Gaylen Brekke, mumewe (amelazwa, mguu)

KUMB. NA. 1/8: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa 1:00 jioni. Mwenyekiti aliomba kahawa inywewe baadaye. Ombi halikuzingatiwa.

KUMB. NA. 2/8: RUZUKU YA BW. BREKKE
Mwenyekiti alieleza kwamba serikali humlipa Bw. Brekke ruzuku ili shamba lake la magharibi libaki nyasi, na kwamba hazikatwi kabla ya Agosti kwa kuwa ndege hutaga humo. Julai, Bw. Brekke alipovunjika mguu, majirani walikwenda na mashine zao kumkatia nyasi za ng'ombe, kama ilivyo desturi. Wakakata na za magharibi.

Kabla ya Ijumaa, ofisi ya ruzuku inataka jina la aliyeanza kukata. Huyo atanyimwa ruzuku yake ya mwaka huu. Jina likikosekana, Bw. Brekke atahesabiwa amevunja mkataba mwenyewe na atarudisha malipo ya miaka yote. Bi Brekke alisema hapo watauza shamba.

KUMB. NA. 3/8: NANI ALIANZA
Bw. Haugen alisema alikuta mstari umeshakatwa, akaufuata. Wajumbe wanne walisema hivyo hivyo.

Mwenyekiti: "Yaani mashine zote zimefuatana na hakuna iliyotangulia?"

Bw. Haugen: "Duane, nilipofika ya kwako ndiyo ilikuwa mbele."

Mwenyekiti: "Mimi nilikuta umeshakatwa!"

Bw. Haugen: "Basi karibu kundini."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti aligonga meza, kahawa ikamwagikia barua ya ofisi.

Bi Brekke: "Gaylen alikuwa hospitali, mguu umetundikwa kama nyama buchani. Alikata kwa meno? Mlitutendea wema, jamani. Naomba msirudie."



Bw. Stenerson, ambaye hasemezani na Bw. Brekke tangu ugomvi wao wa ua wa mpakani, na hajawahi kupokea ruzuku ("pesa ya kufuga nyasi"), alisema: "Andika mimi."

Bw. Haugen: "Wewe, mzee? Hata siku hiyo hukuonekana!"

Bw. Stenerson: "Ofisi inataka jina. Mimi sina ruzuku ya kunyang'anywa. Au tukae hapa mpaka theluji?"

Mwenyekiti aliuliza kama huo ni ukweli.

Bw. Stenerson: "Andika, binti."

Niliandika.

KUMB. NA. 4/8: AZIMIO
Jina la Bw. Stenerson lipelekwe ofisini kesho. Hakuna aliyepinga. Wajumbe kadhaa walitazama dari. Bi Brekke alimmiminia Bw. Stenerson kahawa bila kuulizwa, naye akainywa.

Mwenyekiti alisema amechoka, na kikao kikaishia hapo saa 3:20 usiku.

Mwenyekiti: D. Fossum ..........
Katibu: K. Tollefson ..........

Bi Arlene, watu walitoka wakimsifu Bw. Stenerson kwa uongo wake. Haukuwa uongo. Asubuhi ile nilikwenda mapema kulisha kuku wa Bi Brekke, nikamkuta Bw. Stenerson peke yake na trekta lake kuukuu, anakata upande wa magharibi. Hakujua kwamba una masharti, angejuaje? Aliponiona alizima injini, akasema, "Hujaniona, binti." Wengine walipofika alikuwa ameshaondoka. Nadhani ni afadhali kwake aitwe mwongo kuliko ijulikane kwamba alikwenda kumsaidia Brekke. Tafadhali, usimwambie mtu.